Shimo Hili ni la Nani? Ramani za mtandaoni na barabara za Tanga

Masika yakishika Tanga, simu hujaa picha za mashimo kabla mashimo yenyewe hayajajaa maji. Kila kundi la WhatsApp la mtaa lina mpiga picha wake. Leo ni kalavati lililozama Mabawa, kesho bajaji iliyolala ubavu Makorora, kesho kutwa dimbwi la Mikanjuni ambalo msamaria mmoja amechomeka tawi la mwarobaini katikati ili wenye pikipiki wasitumbukie. Chini ya picha hufuata maneno yale yale. Mmoja anamtaja diwani, wa pili anamtaja mbunge, wa tatu anauliza, "Hapo ni wapi?" Kufikia jioni picha imeshafukiwa na tangazo la msiba na video ya mpira.

Ramani ya mtandaoni ya kuripoti ubovu wa barabara ilibuniwa kumjibu huyo wa tatu, na inamjibu vizuri. Lakini watu wengi, wakiwemo baadhi ya wanaotengeneza mifumo hii, hudhani kwamba swali la wapi likishajibiwa, kilichobaki ni greda tu. Kumbe gumu ni swali linalofuata: shimo hili ni la nani? Na baada ya hilo kuna jingine: huyo mwenyewe akishaambiwa atajibu nini, na jibu lake tutalisoma wapi?

Kwanza tutenganishe ramani za aina tatu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Dereva anayetumia Waze akibonyeza alama ya shimo, ujumbe unawafikia madereva wenzake wanaokuja nyuma. Anayefungua Google Maps na kuripoti kwamba njia imefungwa au jina la mtaa limekosewa, anamsaidia mtengenezaji wa ramani kuisahihisha. Kadhalika OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri: humo unaweza kuandika kwamba barabara ni ya lami, ya changarawe au ya udongo, ila shimo la wiki hii halichorwi, kwa sababu ramani ile inahifadhi vitu vya kudumu. (Ingawa kwa baadhi ya mashimo yetu sifa ya kudumu ipo. "Waja leo waondoka leo" ni msemo wa wageni wa Tanga. Mashimo hayajawahi kuusikia.) Aina hizo mbili, ya kuwaonya madereva na ya kusahihisha ramani, zina faida yake, lakini hakuna hata moja iliyoundwa kumfikia mwenye barabara. Mtu anaweza kuripoti Google mwaka mzima na asipate hata kiraka kimoja, na hapo Google hawajakosea chochote.

Aina ya tatu ndiyo inayotuhusu: ramani inayoipeleka taarifa kwa aliyekabidhiwa barabara. Mfano wake unaojulikana zaidi ni FixMyStreet, uliozinduliwa Uingereza mwaka 2007 na shirika la mySociety. Mwananchi anaandika jina la mtaa au msimbo wa posta, ramani inafunguka, anagusa pale penye shimo na kuacha pini, yaani alama ya mahali, anaandika maneno mawili matatu na kuweka picha. Mfumo wenyewe unatafuta ni halmashauri gani inayohusika na mahali hapo, unaipelekea ujumbe, halafu unaiweka ripoti hadharani ili kila mtu aione. Programu yake iko wazi na anayeitaka anaichukua bure. Norwei iliichukua mwaka 2011, na jiji la Zürich huko Uswisi likafuata mwaka 2013.

Zingatia mambo mawili katika maelezo hayo. Mwananchi haulizwi barabara ni ya nani. Kazi ya kumtafuta mwenyewe inafanywa na mfumo. Pia ripoti haiendi faraghani kwenye sanduku la barua la ofisi, inabaki ukutani mbele ya macho ya watu, ikiwa na tarehe.

Tarehe ina uzito wake, na uzito huo ni wa zamani kuliko intaneti. Mwaka 1979 jiji la New York lilipitisha sheria kwamba haliwezi kudaiwa fidia na mtu aliyeumia kwa ubovu wa barabara au njia ya miguu isipokuwa kama liliarifiwa kwa maandishi, kabla ya ajali, kwamba ubovu huo upo. Mawakili wa wadai hawakukaa kubishana. Mwaka 1982 wakaunda chombo chao, wakawalipa watu watembee mtaa kwa mtaa wakichora kila ufa na kila shimo kwenye ramani za karatasi, kila aina ya ubovu na alama yake, kisha wakazikabidhi ramani hizo kwa jiji. Tangu hapo "hatukujua" ikawa ngumu kutamkika mahakamani. Nako Uingereza, sheria ya barabara ya mwaka 1980 inamruhusu mwenye barabara kujitetea kwamba alichukua tahadhari za kutosha. Ripoti ya wiki tatu zilizopita, yenye picha na pini, inautoboa utetezi huo. Kwa hiyo pini haikuanza maisha kama pambo la teknolojia. Ilianza kama ushahidi kwamba mtu fulani aliambiwa.

Sisi huku Afrika Mashariki tuna historia yetu. Jukwaa la Ushahidi lilizaliwa Kenya Januari 2008, wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, kwa ajili ya kupokea taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama haupo. Na Dar es Salaam, kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwaingiza wanafunzi wa vyuo na wakazi katika kata zinazofurika, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro. Mitaro tutairudia, kwa sababu ndiyo kiini cha barabara zetu.

Wapi

Sasa tulimalize lililo rahisi. Simu janja hujua ilipo kwa kusikiliza mawimbi ya setilaiti, angalau nne kwa wakati mmoja, na kupima wimbi la kila moja limetumia muda gani kufika. Kazi hiyo haihitaji bando. Bando linatakiwa kwa kupakua ramani na kutuma ripoti, hivyo programu iliyoandaliwa vizuri itamwezesha mtu kuweka alama akiwa Chongoleani mtandao ukisuasua, ripoti ikaondoka yenyewe akifika mjini.

Zinazotoka ni namba mbili, latitudo na longitudo. Tanga mjini ni kama 5.07 kusini na 39.10 mashariki, na habari yote imo kwenye desimali. Nyuzi moja ya latitudo ni takribani kilomita 111. Ukiishia desimali mbili, umetaja eneo la zaidi ya kilomita moja, na hapo fundi atazunguka mpaka adhuhuri. Desimali tatu ni mita 110 hivi, nne ni mita 11, tano ni mita moja na ushei. Mtu akikuandikia desimali saba usimsifu kwa usahihi. Simu yenyewe, hata ikiwa mahali peupe, hukosea kama mita tano, na chini ya miembe au katikati ya maghorofa hukosea zaidi. Tarakimu za mwisho ni mapambo.

Mita tano si kitu kwa fundi aliyekuja na kokoto, shimo ataliona tu. Kwa kompyuta ni kitu. Ngamiani imepangwa kwa barabara zenye namba zinazokwenda sambamba, na pini ikiteleza inaweza kutua juu ya bati la nyumba ya mtu au ikahamia barabara ya jirani. Ndiyo maana mfumo makini hauipokei pini kavukavu. Unaivuta mpaka kwenye mstari wa barabara iliyo karibu, kisha unamwuliza aliyeripoti: ni Barabara ya 12? "Hapana, ya 13" ya mtu aliyesimama pale inashinda setilaiti zote.

Na kuna mtego wa WhatsApp, ambao unapoteza taarifa nyingi kimya kimya. Simu nyingi, zikiruhusiwa, huandika mahali ndani ya faili la picha pale inapopigwa. Ukiituma picha hiyo WhatsApp kwa njia ya kawaida, taarifa hizo hukatwa njiani na picha inafika tupu. Ukiituma kama faili, zinabaki. Wengi hufidia kwa kutuma lokesheni, jambo jema, isipokuwa huituma wakiwa wameshafika nyumbani, miguu iko juu ya kochi, wakabonyeza "mahali nilipo sasa". Mhandisi anapokea picha ya shimo la Nguvumali pamoja na pini ya sebule ya mtu Sahare.

Anwani za makazi zimetusaidia sehemu. Operesheni ya mwaka 2022, iliyotangulia sensa ya Agosti mwaka huo, ilileta majina ya mitaa kwenye vibao na namba kwenye nyumba, vikaambatana na misimbo ya posta ya tarakimu tano ambayo kwa mkoa wetu huanza na 21. Lakini anwani ni ya nyumba, na shimo halina nyumba. "Mbele ya nyumba namba fulani, upande wa msikiti" bado ni maelezo bora kuliko mengi ninayoyaona, hasa kwa asiye na simu janja.

Ya nani

Hapa ndipo penye kazi. Muulize mzee yeyote wa Tanga nani anatengeneza barabara, atakwambia halmashauri. Hajakosea sana, amechelewa tu. Mpaka mwaka 2017 barabara za mitaa zilikuwa chini ya halmashauri. Mwaka huo ikaundwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, chini ya TAMISEMI, ikakabidhiwa barabara za wilaya, za mjini na za vijijini. Barabara kuu na za mikoa ziko kwa TANROADS, iliyokuwepo tangu mwaka 2000. Kwa hiyo unapoingia mjini kutoka Segera, au unapotoka kuelekea Horohoro mpakani, uko juu ya lami ya TANROADS. Ukikata kona ya kwanza kuingia mtaani, umeshavuka mpaka wa taasisi bila kuona kibao.

Sasa tuchukue pini moja tuitazame kwa karibu. Imewekwa mahali mtaa unapotokea kwenye barabara kuu. Lami ya barabara kuu imemeguka ukingoni, maji ya mtaani yanashuka na mchanga, kalavati la pale mdomoni limeziba, na dimbwi limekaa nusu huku nusu kule. Ukingo wa lami na eneo la hifadhi ya barabara kuu ni vya TANROADS. Mtaa ni wa TARURA. Kilichoziba kalavati, ukikichungulia, ni mifuko na chupa, na usafi wa mji ni wa halmashauri ya jiji. Kama chini kuna bomba linalovuja na ndilo lililolainisha udongo, hakuna kiraka kitakachodumu mpaka mamlaka ya maji imalize kazi yake kwanza. Zingekuwepo na reli hapo jirani, ungeongeza shirika la reli.

Ripoti ni hodi. Ukibisha mlango usio wake, aliyemo ndani hana kosa akinyamaza, na wewe utaondoka ukisema watu wa nyumba ile wana dharau. Sehemu kubwa ya manung'uniko ya "tumeripoti hawakufanya kitu" ndivyo yanavyozaliwa: ujumbe ulifika, ila ulifika kwa mtu ambaye hana mamlaka wala fungu la kulifanyia lolote shimo hilo, na hana utaratibu wa kuupeleka kwa mwenzake.

Kompyuta inalitatua hili kwa tabaka. Chini kuna mipaka ya mitaa na kata, iliyochorwa kama maumbo yaliyofungwa. Mfumo unakagua pini imeangukia ndani ya umbo lipi. Juu yake kuna mistari ya barabara, na kila kipande kinabeba sifa zake: jina, namba, daraja, aina ya tabaka la juu, na msimamizi. Pini ikivutwa kwenye kipande chake, msimamizi anajulikana papo hapo. Taarifa hizo hazihitaji kubuniwa upya. TARURA wana kanzidata yao ya barabara, DROMAS, na TANROADS wana ya kwao. Mtu anayeanza na ramani nzuri ya rangi halafu akakumbuka orodha ya wasimamizi mwishoni, ameanza na rangi ya nyumba kabla ya msingi.

Hata hivyo tabaka haziwezi kuamua ile kona yetu ya dimbwi. Hapo lazima pawe na mtu. Kwa maoni yangu kanuni inapaswa kuwa fupi: anayepokea kimakosa ndiye anayehamisha, na uhamisho huo unaonekana kwenye ripoti. "Imepelekwa TANROADS tarehe fulani." Mwananchi aliyetoka kuuza mihogo hapaswi kufundishwa madaraja ya barabara ndipo asikilizwe.

Shimo ni dalili

Lami haitobolewi na magari peke yake, inatobolewa na maji yakisaidiwa na magari. Ufa mdogo unaingiza maji, tabaka la chini linalainika, kila tairi linalopita linabonyeza na kusukuma udongo laini nje kupitia huo huo ufa, pakishabaki utupu lami inadidimia. Kwa barabara za udongo ni haraka zaidi: mtaro ukiziba, maji yanageuza barabara kuwa mtaro. Ndiyo maana shimo lililozibwa kwa kokoto na lami mwezi wa Februari linafumuka Aprili mahali pale pale, na watu wanasema fundi kaiba lami. Pengine kweli kaiba. Pengine mtaro wa pembeni bado umejaa mchanga.

Ukifungua fomu za ramani nyingi za kuripoti utakuta neno la kwanza ni shimo. Kwa mji wa pwani, tambarare, unaopokea mvua za masika kuanzia Machi na vuli kuanzia Oktoba, ningeliweka la tatu. La kwanza mtaro ulioziba, la pili kalavati lililovunjika au kuzama. Ripoti ya mtaro ulioziba mwezi wa Septemba inatibika kwa koleo na toroli. Ripoti ya shimo la Mei inataka lami, mkandarasi na fedha.

Nani haonekani

Mwaka 2012 jiji la Boston, Marekani, lilizindua programu iliyoitwa Street Bump. Dereva alihitaji tu kuiwasha na kuacha simu ndani ya gari. Kihisi cha mtikisiko kilichomo ndani ya simu kilirekodi kila gari liliporuka. Mambo mawili yakajitokeza. La kwanza, mitikisiko mingi haikutokana na mashimo bali na mifuniko ya chemba iliyokaa chini au juu ya usawa wa barabara, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia na ambalo lilikuwa la manufaa. La pili, ramani ilielekea kujaza mitaa yenye watu wenye magari na simu janja, na kuiacha mitaa ya maskini na ya wazee ikionekana kana kwamba barabara zake ni shwari.

Sasa ihamishie Tanga, mji wa baiskeli. Anayejua ubovu wa njia kuliko wote ni yule mzee wa baiskeli anayetoka Pongwe na mzigo wa kuni, na kwenye shati lake kuna kiswaswadu chenye salio la kupokea tu. Hataweka pini. Mtaa wenye vijana watatu wenye bando utaonekana mbovu kuliko mtaa wenye wakazi elfu wasio nalo. Mhandisi akipanga kazi kwa kuhesabu pini, atakuwa ametengeneza barabara za wenye simu. Pini zinaonyesha malalamiko yanatoka wapi. Ubovu wenyewe unapimwa kwa kukagua barabara yote, iliyolalamikiwa na isiyolalamikiwa, na kulinganisha.

Kwa hiyo milango lazima iwe zaidi ya mmoja: huduma ya nyota na reli kwa wenye simu za kawaida, ujumbe mfupi, na mtendaji wa mtaa anayeweza kuingiza ripoti ya mtu aliyekuja kwa miguu. Waendesha bajaji nao ni hazina. Kwa siku wanapita mtaa mmoja mara nyingi kuliko mkaguzi yeyote, na mkutano mmoja nao kituoni unaweza kuzaa orodha ambayo ramani ingehitaji miezi kuikusanya.

Upande wa pili wa kuonekana ni faragha, nalo ni fupi. Ripoti iliyo hadharani isibebe namba ya simu ya aliyeituma wala picha yenye namba za gari la mtu au uso wa mtoto. Tangu Mei 2023 nchi ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi inayofanya kazi, na mfumo unaokusanya majina, simu na mahali watu walipo hauwezi kujifanya haihusiki nao.

Jibu

Tuseme yote yamekwenda sawa. Pini imetua, mwenye barabara amejulikana, ujumbe umesomwa. Kwa nini basi shimo bado lipo mwezi mzima baadaye?

Kwa sababu mhandisi hana koleo mkononi. Alichonacho ni mikataba na mafungu. Matengenezo yana majina yake: ya kawaida, ya muda maalumu, ya sehemu korofi, na ya dharura, na kila jina lina fedha zake. Fedha nyingi hutoka Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo ya mafuta. Mwaka wa fedha 2021/22 iliongezwa shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA, kwa hiyo bodaboda anayelalamika shimo tayari amekwishachangia kulifukia, kila alipojaza tangi.

Sasa tazama kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Bunge linakaa kujadili bajeti Aprili hadi Juni, na mipango inayopelekwa huko imeandaliwa miezi kabla. Masika, wakati picha zinapofurika, ni Machi hadi Mei. Yaani kelele zetu zinafika kileleni wakati ule ule ambapo fedha za mwaka unaokwisha zimeshapangiwa kazi na mpango wa mwaka unaokuja umeshaelekea Dodoma. Kinachoweza kuguswa hapo ni fungu la dharura, nalo haliwezi kumtosha kila mtu. Wenye kujua hili hawaachi kuripoti Aprili, ila wanahakikisha ripoti za Aprili zinatunzwa, zinajumlishwa kwa kila barabara, na zinakuwa mezani mwisho wa mwaka wa kalenda wakati mpango mpya unapoandikwa. Hiyo ndiyo kazi ambayo kundi la WhatsApp haliwezi na ramani inaweza.

Ndiyo maana hali ya ripoti isiwe mbili tu, wazi na imefungwa. Iwepo "imepokelewa", "imehamishiwa kwa mwingine", "imeingia kwenye mpango wa mwaka fulani", na iwepo, kwa ujasiri, "haitafanyika mwaka huu", na sababu yake chini. Najua ofisi nyingi huogopa kuiandika hiyo ya mwisho mbele ya umma. Lakini mtu aliyeambiwa hapana na sababu yake anaweza kwenda kwa diwani akiwa na hoja. Aliyenyamaziwa hana pa kwenda, na mara ya pili haripoti.

Na nani afunge ripoti? Si mkandarasi peke yake. FixMyStreet humwandikia aliyeripoti baada ya wiki nne na kumwuliza kama tatizo limetatuliwa; swali dogo, lakini linahamisha mamlaka ya kusema "imekwisha" kutoka ofisini kwenda kwa anayepita pale kila siku. Pia mtu anapotaka kuripoti shimo ambalo mwenzake alishaliripoti, mfumo unamwonyesha ripoti zilizo jirani kabla hajaandika. Pakiwepo kitufe cha "hata mimi nimeliona" naye akakibonyeza, ofisi inapata ripoti moja yenye watu arobaini badala ya ripoti arobaini za kuchambua.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kufanyika kabla ya vuli ijayo bila kusubiri mfumo wowote wa mkoa wala wa taifa. Mtaa uhesabu makalavati yake na midomo ya mitaro. Ni ya kuhesabika, na mjumbe, mtendaji na vijana wawili wanaweza kuyamaliza kwa asubuhi chache. Kila moja lipigwe namba kwa rangi nyeupe ukingoni, kubwa ya kusomeka na mtu aliye juu ya baiskeli. Simu janja moja inatosha kuchukua latitudo na longitudo ya kila namba mara moja tu, zikaandikwa kwenye jedwali lenye msimamizi wa kila kipande, nakala moja ofisi ya mtendaji, moja TARURA, moja kwa diwani. Baada ya hapo yule mzee wa Pongwe hahitaji ramani wala setilaiti. Anatuma ujumbe mfupi kwa kiswaswadu chake: "Kalavati 14 limeziba." Mahali panajulikana, mwenyewe anajulikana, tarehe imo kwenye ujumbe.